Kiti cha Mkono wa Kuume

Hapo zamani, na si zamani ya masultani na majini, ni zamani ya juzijuzi tu, simu za kupiga picha zimeshajaa mifukoni, aliishi Bi Kidawa, mjane wa Mzee Mbaruku, kijijini ufukweni upande wa Pangani. Macho yake yalikuwa yanamuaga. La kushoto lilishakwenda. La kulia lilibakiwa na mwanga mdogo, na akitaka kuona kitu hukisogeza mpaka puani kama mtu anayenusa samaki wa jana. Daktari alimwambia waziwazi kwamba dawa itachelewesha giza, haitalizuia.

Mwingine angejifungia chumbani. Bi Kidawa alisema, "Heri kufa macho kuliko kufa moyo," kisha akatoa haja yake moja. Alitaka picha ya familia nzima, kwenye lile fungu la mchanga ambako marehemu mumewe alikuwa akiwapeleka watoto kuokota chaza maji yakipwa. Picha kubwa, itundikwe karibu na kitanda, aitazame kila siku maadamu bado anaona.

"Wote," alisema. "Akikosekana mmoja, msinipige picha."

Neno dogo hilo, "wote", lakini katika nyumba ile lilikuwa zito. Hatibu, mtoto wa kwanza, na Kombo, mdogo wake, walikuwa hawapeani salamu tangu baba yao azikwe. Siku ile Kombo alikuwa njiani, amekwama kivukoni, na Hatibu akasema maiti haisubiri. Kombo alipofika alikuta udongo bado mbichi na watu wanakung'uta nguo. Pale pale makaburini akamtamkia kaka yake maneno ambayo mtu hamwambii kaka yake, akaapa hatakanyaga kwake. Tangu hapo kila Idi, huyu akiingia kwa mama kwa mlango wa mbele, yule hutokea uani.

Sasa niambieni, aliyekosewa alikuwa nani? Mimi nasema Kombo. Na aliyekwenda kubisha hodi alikuwa nani? Kombo huyohuyo. Alisimama kizingitini kwa Hatibu, kofia mkononi, akasema, "Kaka, shikamoo. Nimekuja kwa yale maneno yangu ya makaburini. Nisamehe." Habari ya kivuko hakuigusa. Hatibu, mtu mzima na mvi zake, alimshika mdogo wake mkono, akalia.

Majirani waliokuwa wameshachagua upande walibaki na aibu yao. Ndiyo maana wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Bi Kidawa alipopewa habari aliomba maji ya kunywa, akayashika tu, hakuyanywa.

Basi mambo yakaiva? Yangeiva wapi, na nguo bado.

Siwema, binti pekee wa Bi Kidawa, ndiye aliyesimamia sare. Alikuwa ameshanunua kanga nyekundu na nyeupe na kushona magauni ya wanawake wote waliotarajiwa, na nyumba ya Hatibu haikuwa imetarajiwa. Hatibu alipokubali, kanga zile zilikuwa zimekwisha, pale kijijini na mpaka Tanga mjini. Wanaume na watoto hawakuwa na shida, mashati meupe yanapatikana. Lakini Mwajuma, mke wa Hatibu, alituma ujumbe: "Siwezi kusimama katikati yenu kama mwanamke aliyekuja kuazima chumvi. Pigeni, mimi nipo nyumbani." Na kila mtu alijua kwamba Mwajuma akibaki, Hatibu naye atabaki.

Siwema alilikunja gauni lake mwenyewe, alilolishona kwa mkono na marinda kifuani, akampelekea. "Hili lako, wifi," alisema. "Lilichelewa tu kwa fundi." Yeye akabaki na gauni la buluu lililopauka, la kufagilia uwanja. Muulizeni mwanamke yeyote maana ya jambo hilo. Picha itakaa ukutani hadi wajukuu wazeeke, wote wamependeza sare, na binti wa nyumba yumo na nguo ya kufagilia. Siwema hakumwambia mtu, ila mumewe alimwona akilikunja. Bi Kidawa aligundua siku Mwajuma alipokuja kumwamkia, akampapasa kifuani kama kawaida yake, vidole vikakutana na marinda ya mwanawe. Moyo ulimjaa.

Siku ya picha ikafika. Bi Kidawa alisukwa, akapakwa wanja, akafukizwa udi, asumini ikavishwa kichwani. Wengine walitangulia kwenye fungu kwa miguu, wakivuka mkondo uliofika vifundoni tu, na viti, na watoto, na mpiga picha, bwana mmoja wa bara aitwaye Desdery, suruali ameikunja hadi magotini.

Saa ile ilikuwa imepangwa na Shomari, mume wa Siwema, pamoja na Desdery. Desdery analijua jua, bahari haijui, akaona watu wa pwani watakuwa wameshaangalia maji. Watu wa pwani nao, waliozaliwa na chumvi miguuni, walikuwa wanapiga pasi. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba ni siku za bamvua, maji yakianza kujaa hayaji kwa hatua, yanakuja kwa mbio. Bi Kidawa alipomaliza kupambwa na kufika ufukweni, mkondo ulikuwa unagusa mapaja ya mtu mzima.

Ng'ambo, Hatibu na Kombo walikuwa wamebeba watoto mabegani. Huku walikuwepo mama asiyeona anapokanyaga, na Siwema, na Shomari.

Shomari huyo ni mtu wa bara kidogo, na kwao mkwe ni mkwe. Tangu aoe hajawahi kuketi mkeka mmoja na mama mkwe wake wala kumpa mkono. Humwamkia akitazama chini, na wakikutana njiani hushika majani kumpisha. Sasa akatazama maji, akatazama jua, akaingia mkondoni, akageuza mgongo na kuinama.

"Mama," aliyaambia maji, maana uso hakuweza kuugeuza, "nitakukosea adabu."

"Nikosee, mwanangu," alisema Bi Kidawa.

Akabebwa mgongoni mbele ya watu wote. Katikati ya mkondo alimsikia mkwe wake anatetemeka, wala si kwa uzito, Bi Kidawa alikuwa mwepesi. Ilikuwa haya. Alimpenda kuliko siku zote alizompenda.

Kwenye fungu walikuwa wameweka viti viwili. Bi Kidawa akaketishwa kwenye kimoja. Cha pili, cha mkono wake wa kuume, kilikuwa cha Mzee Mbaruku, na tangu afe hakuna aliyekikalia. Kila walipopiga picha, hata ya harusi, kiliachwa wazi.

"Kiti hiki nikiondoe?" aliuliza Desdery. "Kitaacha pengo."

Bi Kidawa alikipapasa. Alijua atakavyoitazama picha hii. Ataileta jichoni, na jicho lile halichukui watu wote kwa pamoja, linachukua kipande. Ataanza na uso wake mwenyewe, kisha wa pembeni yake. Atakayeketi hapa ndiye Bi Kidawa atakayemwona kila asubuhi, na huenda uso huo ukawa wa mwisho yeye kuuona.

"Usikiondoe," alisema. "Wala kisibaki kitupu leo. Aketi yule ambaye bila yeye picha hii isingekuwepo."

Kombo alisema, "Basi ni shemeji Shomari. Sisi wana wa kuzaliwa tulikuwa huku tunatazama, yeye mkwe ndiye aliyekuvusha. Amejivua haya yake hadharani kwa ajili yako."

Shomari alisema, "Mimi nisiyeangalia maji? Aliyetia kitanzi akakifungua halipwi. Na kiti cha baba mkwe sikikalii. Aketi Siwema. Bila gauni lake dada Mwajuma asingekuja, na kaka Hatibu asingekuja."

Mwajuma alijitazama kifuani, akaelewa, akaziba mdomo kwa kiganja.

Siwema alisema, "Na nguo hii nikae mbele? Gauni ni kitambaa tu. Aketi kaka Kombo. Asingebisha hodi yeye, ningempa nani hilo gauni?"

"Na aliyetukana makaburini ni nani?" Kombo alijibu. "Ningekwenda mapema, mama angetuona pamoja akiwa na macho yote mawili."

Bi Kidawa alisikiliza. Masikio yake yalikuwa mazima, na aliyasikia yote, hata yale yasiyosemwa. Kila mmoja alikuwa anakikataa kiti, na kila mmoja alikuwa anakitaka mpaka sauti inakauka. Aliona fahari kuwazaa wawili na kumpata wa tatu kwa ndoa, na fahari hiyo haikumsaidia kuchagua.

"Mama," alisema Hatibu taratibu, yeye ambaye siku hiyo hakuwa na la kujidai, "maji yameshika miguu ya kiti."

Desdery akainua kamera. "Mama, taja jina."

Na asinambie mtu kwamba wangepiga picha tatu. Ukuta wa Bi Kidawa una nafasi ya moja, na bahari haikuwa inangojea busara zenu. Akafumbua mdomo ataje.

Mimi naishia hapo. Semeni nyinyi: Kombo aliyeomba radhi naye ndiye aliyekosewa, Siwema aliyevua nguo yake akamvika mwenzake, au Shomari aliyembeba mama mkwe mbele ya macho ya watu? Je, nani alistahili kuwa uso ambao Bi Kidawa atautazama mpaka giza liingie?