Kwa Nini Hatujichimbii Udongo

Sogeeni, wasichana, na wewe mwenye jembe liweke chini kwanza. Mmeniuliza kwa nini hapa Kirongwe mfinyanzi hajichimbii udongo wake, tena mkacheka, eti ni ujinga wa vikongwe. Haya. Ujinga huo ulizaliwa na wivu, na wivu nyote mnaujua, msijifanye malaika.

Zamani hizo kila mwanamke alishuka shimoni na jembe lake, akachimba, akajitwika kapu lake, akaenda zake. Hakuna aliyeuliza shimo ni la nani. Mfinyanzi aliyesifika kuliko wote aliitwa Nakijwa. Mikono alikuwa nayo, siwezi kumdhulumu, ila sifa alizipenda kuliko chakula.

Mwaka mmoja wa njaa akatokea mwanamke kutoka ng'ambo ya milima, jina lake Naetwe, na kitoto cha kike mgongoni. Hakuwa na mume wala ndugu. Watu walimpa kibanda, naye akashuka shimoni kama wengine, akafinyanga. Basi ikawa balaa! Chungu chake ukikigonga kwa ukucha kililia mpaka jirani anageuka. Wateja wakahama mmoja mmoja. Nakijwa alijikaza, mpaka siku alipoingia jikoni kwa mama mkwe wake akakuta maharage yanachemka ndani ya chungu cha Naetwe. Mama mkwe wake mwenyewe! Alirudi kwake roho inamchoma.

Kulipokucha aliwaita wafinyanzi wote kwenye ukingo wa shimo. Akasema udongo ule Mungu aliwapa wao waliozaliwa Kirongwe, kwa hiyo mgeni hana haki nao.

Naetwe akajibu kwa upole, "Dada yangu, Mungu huyo ndiye aliyenipa mimi mikono na mtoto huyu. Haki yangu imetoka kwake kama yako."

"Nani alimwona akikupa?" Nakijwa akamkata kauli. "Mlete shahidi wako."

Shahidi angemtoa wapi? Wanawake wakatazamana. Wengi wao nao walikuwa wamechoka kusikia vyungu vya Naetwe vikisifiwa, nasema kweli, wakakubali kwamba asiye na shahidi asishuke. Naetwe akabaki ameketi ukingoni na mtoto wake, siku baada ya siku, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ya kumlisha.

Lakini swali lile likawa limeshatoka kinywani. Baada ya siku chache wifi yake Nakijwa, aliyemwonea wivu miaka mingi, alimsimamisha njiani. "Na wewe je? Nani alimwona Mungu akikupa?" Nakijwa naye hakuwa na shahidi. Akazuiwa. Wifi naye akaulizwa na jirani yake, jirani akaulizwa na mwingine, na haukupita mwezi shimo likawa tupu. Kila mmoja alisimama juu kumlinda mwenzake asishuke. Vyungu vya zamani vikapasuka, vipya hakuna, na watoto wa Kirongwe wakaanza kulala na njaa, wa Nakijwa wakiwemo.

Siku moja Nakijwa alisimama pale ukingoni pamoja na wenzake, akamtazama mtoto wa Naetwe. Siku za mwanzo mtoto huyo alikuwa akilia kutwa nzima, na kilio chake kilimkera Nakijwa. Siku hiyo hakulia. Alikuwa amelegea mapajani mwa mama yake, macho wazi, hana hata nguvu ya kufukuza nzi. Nakijwa akalinyakua jembe, akateremka.

"Unakwenda wapi?" wifi yake akafoka. "Nani amekupa haki?"

"Sijichimbii mimi," akasema. "Namchimbia huyu. Mkiulizwa nani alimpa, semeni mlimwona Nakijwa."

Akachimba huku akilia kwa hasira, maana wivu haukuwa umemtoka hata kidogo. Alijua udongo ule utakuwa vyungu vizuri kuliko vyake, na bado akajaza kapu, akalipandisha, akaliweka mbele ya Naetwe. Naetwe alimlaza mtoto kwenye kanga, akalichukua jembe mkononi mwa Nakijwa, akashuka kumchimbia yeye.

Na tangu siku hiyo mfinyanzi wa Kirongwe hushuka shimoni kwa ajili ya mwenzake, na desturi inataka amchimbie yule anayemwonea wivu kuliko wote. Mkiniuliza haki hiyo ilitoka kwa Mungu au kwa watu, wazee wamebishana hadi leo na mimi sina jibu. Ninachojua ni kwamba asubuhi hii nimemjazia kapu Nambike, ambaye vyungu vyake vimeagizwa harusini na vyangu vimeachwa. Nimemchagulia udongo laini, usio na kokoto. Na roho imeniuma, jamani. Imeniuma njia nzima.