Mwalimu Fisi na Ua wa Miiba

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa ua wa miiba, mlango mmoja!
Na mlangoni kakaa nani?
Mwenye njaa!

Haya, leo mmeitikia. Jana mlikuwa mnanipigia miayo tu. Mwanakombo, sogea huko, umemkalia mwenzio mguu.

Hapo kale wanyama wa Bonde la Mikwaju hawakusoma ulinzi. Walilindana tu. Kware akiona moshi, kwe-kwe-kwe! Nyani akimwona chui, bweka-bweka! Kila mama humwita mwanawe, na wa jirani pia. Ndivyo walivyoishi.

Siku moja kukawa na arusi kwa Pundamilia. Ngoma ililia, kila mtu akacheza, hata Nyani akashuka mtini kwenda kula. Kila mmoja alidhani mwenzake anaangalia. Chui akaja mchana kweupe, akabeba watoto, akaenda zake. Bonde zima lililia. Msicheke, hapo hapachekwi. Mwenye hofu hununua chochote anachouziwa, na wale waliogopa hasa.

Ndipo akatokea Fisi, amevaa kofia.

"Poleni sana, ndugu zangu," akasema. "Shida yenu ni ujinga. Ulinzi wa nyumbani ni elimu. Una masomo yake, una mitihani yake. Mimi nimeusomea mbali."

Mbali wapi? Hakuna aliyeuliza.

Fisi akafungua chuo penye kichuguu. Akawafundisha kusuka ua wa miiba, mrefu, mnene, hata nyoka apite kwa taabu. Ua ulikuwa mzuri, tusimnyime haki yake. Kisha akawapanga mistari.

"Somo la kwanza: adui yuko nje. Tumeshika?"

"Tumeshika, Mwalimu!"

"Somo la pili: adui atasema yeye ni rafiki. Msimfungulie. Tumeshika?"

"Tumeshika, Mwalimu!"

"Somo la tatu: adui akikusifu, kaza komeo. Tumeshika?"

"Tumeshika, Mwalimu!"

"Na watoto," Fisi akasema, huku akimeza mate, gluk, "watoto walale kwenye Banda la Usalama. Nitalilinda mwenyewe. Mwingine asikaribie."

Watoto wakaanza kupelekwa. Mama Ngiri akaenda kumuulizia wake. Fisi akamwambia, "Hongera, mama. Amehitimu. Tumempeleka mafunzo ya mbali." Mama Ngiri akapiga kigelegele njia nzima. Alipofika nyumbani akaketi chini, akalia, na hakujua analilia nini.

Asubuhi moja ikawa zamu ya Bi Digidigi. Mtoto alikuwa naye mmoja tu. Akachukuliwa. Bi Digidigi akakimbilia kwa jirani yake Nguchiro, yule mdogo mwenye mkia mrefu, anayechungulia kila shimo.

"Kaka, mwanangu yuko bandani. Mwalimu anasema kesho atahitimu."

Nguchiro alishachungulia nyuma ya banda, na alichokiona hakumwambia.

"Dada, futa machozi. Ngoja nikasome."

Akaenda, nyatu nyatu, mpaka penye kichuguu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unataka nini, kidudu wewe?"

"Nataka elimu. Ila Mwalimu, wazazi wananong'ona. Wanasema elimu yako ni ya mdomo tu. Tungefanya zoezi wakaona kwa macho, nakwambia, wangekuletea watoto waliobaki wenyewe, kwa ngoma."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Wote?"

"Hata wanaonyonya."

Gluk. "Zoezi gani?"

"La adui kuvamia ua. Lakini nani awe adui? Kobe atachelewa. Swala atacheka. Anatakiwa mwenye meno, mwenye sauti, anayemjua adui ndani nje."

Fisi akavua kofia, akajitazama mwili mzima. "Hapo pana mimi tu," akasema.

Alasiri wakakusanyika wote. Fisi akatoka nje ya ua. Nguchiro akasema, "Mzee Nyati, funga." Gogo likasukumwa, pu! Komeo likaingia, ka!

Fisi akanguruma, akakwaruza miiba, kwaru kwaru kwaru. Watu wakapiga makofi. Alikuwa adui mzuri sana. Akachoka, akahema.

"Basi, zoezi limekwisha. Fungueni, ni mimi rafiki yenu."

"Wanafunzi," Nguchiro akauliza, "somo la pili lasemaje?"

"Adui atasema yeye ni rafiki!"

Fisi akacheka, hi-hi-hi. "Vizuri sana! Hawajapata kutokea wanafunzi hodari kama nyinyi. Fungueni sasa."

"Na somo la tatu?"

"Adui akikusifu, kaza komeo!" Mzee Nyati akakaza.

Fisi akapiga kelele, "Pumbavu! Nimewafundisha nini nyinyi?"

"Hayo hayo, Mwalimu," Nguchiro akajibu, kwa adabu kabisa.

Bi Digidigi hakungoja. Alikimbia mpaka bandani, akapiga mlango teke, akamkuta mwanawe kajikunyata kwenye kona, mzima. Alimlamba uso mzima. Mama Ngiri akaingia nyuma yake. Akatazama kona moja, akatazama nyingine. Kulikuwa na mifupa. Wanawake wenzake wakamshika mabega wakamtoa, na siku ile hapakupikwa bondeni.

Walipomaliza matanga wakarudi penye kichuguu. Ulinzi ulitakiwa usomwe, hilo walilikubali, maana chui yupo na moto upo. Lakini sasa Kware akafundisha moshi, Kobe akafundisha mafuriko, Nyani akafundisha kukaa zamu siku ya arusi. Mama Ngiri akafundisha kuuliza. Alimuuliza kila mwalimu, "Umesomea wapi? Na mwanafunzi wako wa jana yuko wapi?" Lile ndilo darasa lililojaa kuliko yote.

Hadithi yangu nimeitia komeo. Ikiwa tamu, ibebeni mkalale nayo. Ikiwa chungu, nirudishieni niitie chumvi.

Na fundisho lake, wanangu: mtiini mwalimu wenu, neno kwa neno, msiulize maswali. Akitoka nje, fungeni mlango.