Kwa Nini Nyumba ya Mikeka ni Mali ya Mwanamke

Siku hizo, wanangu, kwetu sisi wafugaji wa ngamia, nyumba ilikuwa ya mwanamume. Mwanamke ndiye aliyekunja mizizi ya mgunga ikawa matao, akasokota kamba, akafuma mikeka hadi vidole vikachubuka. Kambi ilipohama, aliivunja, akaipakia juu ya ngamia, akaisimamisha upya kwenye malisho mapya. Kisha mume aliingia, akakalia ngozi, akasema, "Nyumba yangu." Wala hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka mmoja wa ukame, Darmi, shangazi aliyemlea mwanamke mmoja aitwaye Talaso, alifika nyumbani kwa Talaso kwa miguu. Mifugo yake yote ilikuwa imekufa na midomo yake imepasuka kwa kiu. Talaso akamlaza ndani. Mchana mumewe, Galgallo, akarudi kutoka kisimani.

"Mtoe," alisema.

"Ni mgonjwa, na nje kunavuma mchanga."

"Nyumba ni yangu. Nani alale humu, nasema mimi."

Akamshika bibi yule mkono, akamketisha nje juu ya mawe kama mzigo. Hata leo nikilisimulia jambo hili damu hunichemka. Mtu mzima, mgonjwa, juu ya mawe!

Talaso hakulia. Alifungua kamba ya kwanza, kisha ya pili.

"Unafanya nini?" Galgallo akauliza.

"Nachukua vyangu. Mikeka nimefuma mimi, kamba nimesokota mimi, matao nimekunja mimi. Nikimaliza, ingia katika nyumba yako."

Jua lilipoanza kushuka, Darmi alikuwa amelala kivulini, ndani ya nyumba ile ile, ambayo Talaso alikuwa ameisimamisha upya hatua arobaini kutoka pale. Galgallo alikuwa ameketi juu ya ngozi mahali peupe, macho yamejaa mchanga.

Alikwenda kuwashtakia wazee, akidai arudishiwe nyumba yake. Wazee wakaja, wakamwambia awaonyeshe kitu kimoja alichokitengeneza kwa mkono wake. Akatazama huku na huku, akaonyesha ngozi.

"Hata hiyo niliilainisha mimi," Talaso akasema.

Wazee hawakucheka. Kila mmoja alikuwa na nyumba kama ile kwake, na alijua nani aliyeifuma. Wakainamisha vichwa, wakaamua kwamba nyumba ni ya mwanamke aliyeifuma.

Na tangu siku hiyo mume, hata awe na ngamia mia, husimama nje, hukohoa, na kungoja aambiwe karibu. Galgallo alikohoa siku tatu. Aliyemwitikia mwishowe ni Darmi.