Asiyeulizwa Hakosei

"Asiyeulizwa hakosei."

Vijana wa chuo cha ufundi pale Iringa waliambiwa maneno hayo na mkufunzi wao walipompelekea kazi huku wakijisifu kuwa haina kosa hata moja. Mkufunzi hakuwacheka wala hakuwakaripia. Aliitamka methali hiyo, akaenda zake kunywa chai. Wakabaki wakitazamana. Mwisho wakamfuata Mwalimu Chavala, mzee aliyestaafu siku nyingi lakini bado alikuja maktaba ya chuo kusoma magazeti.

"Shikamoo, Mwalimu. Methali hii ni ya nani? Tumewapigia simu wazee wetu nyumbani, hawaijui."

"Marahaba. Hawawezi kuijua," akasema akikunja gazeti lake. "Mababu hawakutuachia hiyo. Ilizaliwa hapa hapa mjini, ndani ya chumba cha kompyuta. Kaeni, niwaeleze ilivyozaliwa."

Palikuwa na msichana wa Kingoni kutoka Songea, jina lake Editha Komba. Alipomaliza chuo kikuu aliajiriwa na kampuni ndogo iliyotengeneza mashine za kutunzia kumbukumbu za vituo vya afya: picha za eksirei, majibu ya maabara, habari za wajawazito. Mashine hizo ziliendeshwa kwa programu iitwayo Linux, na ndani ya kila moja mlikuwa na kinachoitwa mfumo wa mafaili. Huo ni kama mtunza ghala. Unampa gunia lako, yeye ndiye anayejua ameliweka kona gani. Akikwambia, "Nimeshaliweka," unageuka na kwenda zako bila wasiwasi. Mtunza ghala akiwa mwongo, hata ghala likiwa la mawe halikufai.

Kampuni ile ilikuwa imeubadilisha mfumo huo kwa mikono yake ili uendane na diski za bei nafuu. Siku moja mtunza ghala akadanganya. Umeme ulikatika katika kituo kimoja cha milimani, na uliporudi mafaili yalikuwapo kwa majina tu. Ndani hamkuwa na kitu. Editha ndiye aliyepokea simu. Muuguzi aliyepiga hakugomba. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Dada, picha ya mguu wa huyu mtoto nitaipata wapi? Mama yake amembeba mgongoni tangu alfajiri. Nitamwambia aanze upya kwa mdomo gani?"

Tangu siku hiyo, kila taa zilipopepesa pale ofisini, Editha alikimbilia kuzikagua mashine.

Kosa lile lilitafutwa, likarekebishwa. Kisha mkuu wa kampuni, Mama Mhapa, akamwita. "Mwanangu, kosa likishatuuma mara moja halina ruhusa ya kutuuma tena. Nataka kila kosa tulilowahi kufanya uligeuze kuwa swali. Kila tutakapougusa mfumo huu, uulizwe maswali yote, ya zamani na mapya, kabla haujatoka mlangoni."

Ndivyo Editha alivyoanza kujenga majaribio. Jaribio moja liliijaza diski mpaka pomoni, likatazama kama mfumo utalalamika au utanyamaza. Jingine lilibadilisha jina la faili wakati faili lenyewe bado linaandikwa. Yaliyokuwa makali kuliko yote yalikata umeme wa uongo, yaani wa kuigiza, katikati ya kuandika, kisha yakakagua kilichosalia.

Majaribio makali ya namna hiyo yanahitaji diski ya kuharibiwa. Kila jaribio linaifuta yote, linaanza upya, linaifuta tena. Pale ofisini waliiita diski ya kafara. Jina lake huandikwa kwenye mstari mmoja wa faili la mipangilio, nayo mashine hufuta diski yenye jina hilo bila kuuliza mara ya pili.

Hapo ndipo hofu ilipoingilia. Katika mashine waliyokuwa wakitumia, diski hazikuwa na majina ya kudumu. Zilipewa majina kwa kadiri zilivyowahi kuamka mashine ilipowashwa. Leo hii ni ya pili, kesho ni ya tatu. Na ndani ya mashine hiyo hiyo mlikuwa na diski yenye kazi ya ofisi nzima. Siku moja Editha alikuwa amekwisha kuweka kidole juu ya kitufe cha kuanzisha, akagundua kwamba jina aliloandika, kwa siku hiyo, lilikuwa la diski ya ofisi. Aliondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto jikoni. Akaweka alama ya reli mwanzoni mwa mstari ule, alama inayoiambia mashine iuruke mstari kana kwamba haupo. "Nikitulia nitaitoa," akajiambia.

Lakini mwenye hofu hutulia lini? Akaandika jaribio jingine, na jingine. Mstari ukabaki umelala.

Siku ikafika. Mfumo ulikuwa umeboreshwa, vituo viliusubiri, na Editha akauuliza maswali yake yote. Maandishi yalipanda kwenye kioo mbio mbio, na mwisho kabisa ukatokea mstari: Hakuna jaribio lililofeli.

Mama Mhapa alipiga makofi. "Hongera, mwanangu! Kesho saa nane mchana, wagonjwa wakipungua, tunaupeleka vituo vyote. Ngoja nimpigie daktari wa wilaya."

Wenzake wakampa mkono. Editha akatabasamu kwa adabu, akaketi, akashindwa kumaliza hata chapati yake. Furaha ilikataa kuja. Alijiona kama mama ambaye watoto wamenyamaza chumba cha pili.

Aliyemwona ni mhandisi mwenzake, Ezekia Kihwele, Mhehe wa hapo hapo Iringa. Sasa ninyi mnajua habari ya Wahehe na Wangoni. Walipigana vita zamani, wakachoka, wakabakiza utani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe, akakunyang'anya kofia, akakucheka hata msibani, na huna ruhusa ya kukasirika. Kihwele na Editha hawakupitisha siku bila kuchokozana.

"We Mngoni," akasema Kihwele, "mlikuja mbio kutoka Kusini kote kule mpaka leo hamjaacha kukimbia. Umefaulu, bado unahema!"

"Nenda huko. Ninyi mkimwona mbwa mnaona mboga, halafu wewe ndiye wa kunishauri?"

"Leo sikushauri. Nakusikitikia."

Lakini moyoni Kihwele alikuwa ameshapanga utani wake. Asubuhi ya pili, Editha alipokwenda kuchota maji ya chai, aliketi kwenye mashine ya majaribio, akaufungua mfumo, akafuta amri moja tu: ile inayomlazimisha mtunza ghala kuliweka gunia chini kwanza ndipo aseme "Nimeshaliweka." Yaani alilirudisha kwa makusudi lile kosa la zamani. Alitaka Editha ayaanzishe majaribio yake kwa mara ya mwisho, aone yamefeli, aruke juu, na yeye Kihwele acheke mpaka machozi yamtoke, kisha airudishe amri mahali pake.

Editha akarudi, akaanzisha. Kihwele akageuza kiti chake ili asikose kumwona uso. Maandishi yakapanda. Ukatokea mstari wa mwisho: Hakuna jaribio lililofeli.

Kihwele hakucheka. Akasimama, akasogea, akausoma tena mstari ule.

"Mtani," akasema, na sauti yake haikuwa ya utani. "Nimekuharibia."

"Umeniharibia nini?"

"Mfumo. Nimeitoa ile amri ya kuweka chini kwanza. Ulipokuwa umekwenda kuchota maji."

Editha alimtazama. "Umeitoa kabisa?"

"Kabisa. Nilitaka nikucheke."

"Na majaribio yamesema salama?"

"Yamesema salama."

Chumba kilikuwa na watu, lakini Editha hakusikia hata mmoja. Alikuwa anamsikia yule muuguzi. Akarudisha maandishi nyuma polepole, juu, juu zaidi, na safari hii hakuangalia mstari wa mwisho. Kila penye jaribio la kukata umeme palikuwa na neno moja: limerukwa. Limerukwa. Limerukwa. Mashine ilitafuta diski ya kafara, haikuiona, ikayapita maswali yale makali kimya kimya. Swali lililorukwa halihesabiwi kuwa limefeli.

"Ni mimi," akasema Editha. "Ile alama niliiweka mimi. Niliogopa kufuta kazi yenu."

"Itoe basi."

"Na nikikosea diski?"

Kihwele hakumtania. Alichukua bisibisi, akaizima mashine, akafungua ubavu wake, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa vumbi. "Kila diski ina namba yake ya kuzaliwa, imebandikwa mgongoni. Hiyo haibadiliki hata ikiamka mwisho. Nakusomea ya hii ya kafara, andika."

Akasoma. Editha akaandika, akamwambia arudie, akarudia. Wakaiwasha mashine. Editha akaweka namba ile mahali pa jina, akaitoa alama ya reli, akafunga macho, akabonyeza.

Safari hii maandishi hayakukimbia. Yalijikongoja. Jaribio moja lilikaa muda mrefu mpaka Kihwele akaanza kuuma kucha, kisha likaandika: limefeli.

Editha alishusha pumzi kwa nguvu hata watu wa meza ya pili wakageuka. "Limeliona kosa lako!"

"Sasa naruhusiwa kucheka?"

"Bado. Rudisha amri yetu."

Kihwele akairudisha. Mfumo ukawa kama ulivyokuwa jana, ule ule uliopigiwa makofi. Editha akaanzisha tena. Saa ya ukutani ilikwenda kwenye saa sita, ikapita. Umeme wa uongo ukakatwa, ukarudi, ukakatwa. Jaribio la kwanza likapita, na la pili. Editha alikuwa ameanza kuamini, ndipo ikaandikwa tena: limefeli.

"Umeharibu kingine?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Haki ya Mungu sijagusa."

Lilikuwa kosa jipya, limeingia pamoja na maboresho yenyewe. Faili likibadilishwa jina muda mfupi kabla ya umeme kukatika, hurudi likiwa na jina zuri na tumbo tupu. Na mashine za vituo hubadilisha jina la kila picha mara tu inapopigwa.

Saa nane ilikuwa inakaribia. Editha alisimama nje ya mlango wa Mama Mhapa, mkono umeinuliwa, haubishi hodi. Aliwaza kwamba ataonekana mwongo. Aliwaza kwamba labda atafukuzwa, atarudi Songea, na mama yake atamwuliza kwa upole kilichotokea, jambo ambalo lingekuwa baya zaidi. Kisha akawaza mtoto anayebebwa mgongoni tangu alfajiri. Akabisha.

"Mama, naomba tusiutume mfumo."

Mama Mhapa aliweka kalamu chini. "Jana uliniambia nini, Editha?"

"Nilikwambia hakuna jaribio lililofeli."

"Ulinidanganya?"

"Hapana, Mama." "Ilikuwa kweli. Lakini yale makali hayakufanyika. Niliizima diski ya kafara kwa hofu yangu, mashine ikayaruka. Jana mfumo haukukosea kwa sababu hatukuuuliza. Asiyeulizwa hakosei, Mama. Leo tumeuuliza, na umekosea."

Maneno yale yalitoka yenyewe, hakuwa ameyapanga. Mama Mhapa akavuta simu iliyokuwa mezani. Editha alidhani anaitwa mtu wa kumwandikia barua ya kuachishwa kazi. Akabaki amesimama, macho sakafuni.

"Daktari, habari za mchana? Ni Mhapa. Leo hatutumi kitu... Ndiyo, najua nilisema tumeupima. Tuliupima, ukapita." Akasikiliza, na sauti ya mtu aliyekasirika ikasikika kidogo nje ya simu. "Una haki ya kukasirika, daktari, nami ndiye niliyekuahidi, kwa hiyo unilaumu mimi. Jana tuliusifu mfumo ambao hatukuuuliza maswali magumu. Na asiyeulizwa hakosei."

Mwalimu Chavala akaishia hapo, akaufungua mkunjo wa gazeti lake, akautafuta ukurasa aliouacha. Vijana hawakuondoka mara moja. Mmoja wao alikuwa ameitoa kazi yao mkobani, ile isiyo na kosa hata moja, akaisogeza kwa mwenzake aliyeketi kando.

"Hebu iharibu mahali," akamwambia, "usinionyeshe wapi, tuone kama ukaguzi wetu utapagundua. Asiyeulizwa hakosei."