Hundi Iliyosubiri Kwenye Droo

Hii nimeletewa na shemeji yangu, naye aliletewa na mtu mwingine. Nimeona nisikae nayo peke yangu, maana mimi mwenyewe iliniuma mahali.

Palikuwa na mwalimu wa hesabu huko Taita, kwenye mji mdogo wa milimani, aitwaye Mwandoe. Kwa miaka ishirini na sita alifundisha watoto wa watu kujumlisha na kutoa, na hakuwa na huruma na mwenye kukosea. Mkewe alikuwa ameshafariki. Alibaki na binti mmoja, Mghoi, ambaye baada ya kungoja miaka miwili alipata nafasi katika chuo cha uuguzi.

Mwalimu aliweka mshahara na akiba yake yote kwenye akaunti moja ya benki, na benki ilimpa kitabu cha hundi. Mwanzoni mwa Januari aliandika hundi ya karo, shilingi elfu arobaini na nane, akamkabidhi Mghoi. Msichana aliipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo chuoni siku hiyo hiyo.

Sasa, mhasibu wa chuo alikuwa na mtindo wake. Hakupeleka hundi benki moja moja. Aliziweka kwenye droo mpaka wazazi wengi wawe wamelipa, ndipo azipeleke zote kwa safari moja. Hundi ya Mwalimu ilikaa humo karibu wiki mbili.

Mwalimu naye alikuwa na mtindo wake. Kila asubuhi, akinywa chai, aliuliza salio kwenye simu. Simu ikajibu: elfu sitini na moja. Kesho yake, elfu sitini na moja. Keshokutwa, vile vile.

Tusimcheke. Ukionyeshwa hela kila asubuhi kwa wiki nzima, unazizoea, unaanza kutembea kama mtu mwenye hela. Mwalimu hakusahau kwamba aliandika hundi. Aliacha tu kuihesabu.

Jumapili ikafika, na kanisani kulikuwa na harambee ya kuezeka paa. Mnajua mambo ya harambee. Mshereheshaji husoma majina kwa kipaza sauti, na kila jina lina kiasi chake. Akasoma la mwenye duka la vifaa vya ujenzi: elfu hamsini. Akasoma la diwani: elfu arobaini. Kisha akatazama benchi la walimu.

"Na Mwalimu Mwandoe je? Au hesabu zimegoma leo?"

Watu wakacheka. Mwalimu akatoa simu, akatazama salio, akatoa kitabu cha hundi.

"Elfu thelathini," alisema.

"Makofi ya kilo kwa Mwalimu!"

Makofi yakapigwa, na Mwalimu akakaa huku moyo umejaa. Nasema ukweli, hata mimi ningekaa hivyo hivyo.

Siku kumi baadaye, Jumatano, Mghoi alipiga simu akilia.

"Baba, hundi imerudi. Wanasema akaunti haina hela za kutosha. Orodha inafungwa Ijumaa. Nisipolipa, nafasi wanampa mwingine."

Mwalimu hakulala vizuri. Alhamisi, benki ilipofunguliwa, yeye alikuwa wa kwanza dirishani.

"Nimeibiwa!" alimwambia keshia, na foleni nzima ikageuka. "Nilikuwa na elfu sitini na moja. Nimeziona kwa macho yangu kila siku!"

Keshia, mama mmoja mpole, alichapa taarifa ya akaunti akampitishia chini ya kioo.

"Soma mwenyewe, Mwalimu. Hapa elfu thelathini zimelipwa kanisani. Sahihi hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Wakati unaandika hii, ile ya chuo ilikuwa imeshalipwa?"

Mwalimu akapiga hesabu. Alitoa elfu arobaini na nane kwenye sitini na moja, kichwani, jambo ambalo mtoto wa darasa la nne analiweza. Elfu kumi na tatu. Hizo tu ndizo alizokuwa nazo siku ya harambee.

Alikwenda kwenye chama cha mikopo, akaambiwa kamati itakaa Jumanne. Basi akameza aibu yake, akaenda kwa mwekahazina wa kanisa, Mama Wawuda, kuomba arudishiwe japo nusu.

Mama Wawuda alimpokea kwa furaha iliyomshangaza, hata hakumngoja aseme.

"Mwalimu, Mungu akubariki! Tulipokea hundi tisa siku ile. Nane zimerudi. Ya mwenye duka imerudi, ya diwani imerudi. Ni yako peke yake iliyopita."

Mwalimu akauliza:

"Na hizo hela ziko wapi, Mama?"

"Si tumenunulia mabati! Fundi anapigilia sasa hivi. Hebu msikilize."

Na kweli, nyundo zilikuwa zikisikika. Mwalimu aliaga bila kusema kilichomleta.

Ijumaa ikapita. Jumamosi Mghoi alirudi nyumbani na sanduku lake. Baba yake alimfuata mpaka mlangoni mwa chumba chake, akasimama hapo kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Mwanangu, nisamehe. Kila nilipotazama, hela zilikuwepo."

Mghoi alikuwa akikunja nguo. Hakupandisha sauti.

"Zilikuwepo, Baba. Lakini ulikuwa umeshanipa mimi."

Muhula uliofuata nafasi nyingine ilipatikana, na siku hizi Mghoi ni muuguzi. Ila nusu mwaka ule alikaa nyumbani akiwaona wenzake wakienda na sare zao nyeupe, na huo hakuna wa kumrudishia.

Funzo: Salio hukuonyesha kilichobaki benki, halikuonyeshi ulichokwisha kumpa mtu. Ukiandika hundi, itoe kwenye hesabu yako siku hiyo hiyo, hata kama simu inasema vingine, usije ukanunua makofi kwa haki ya mtoto wako.