Zimwi la Pipi za Bure

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Wewe hapo, hiyo pipi umepewa na nani? Na mama yako? Haya, kula. Nimeuliza tu.

Basi, hapo kale palikuwa na kijiji cha watu wapenda kucheka. Wanaume wakitoka shamba hukaa barazani, wakanywa tembo, wakavuta tumbaku, wakacheza kamari. Na watoto wao, uani, wakafanya vilevile. Tembo lao maji ya ukwaju. Sigara zao vijiti vya pipi. Kamari yao gololi. Waliyumba, walikohoa, walitukanana kikubwa.

Wakubwa wakacheka mpaka machozi yakawatoka. "Mchezo tu wa watoto," wakasema.

Ambaye hakucheka ni binti mmoja, Mwanakombo. Mdogo wake, Machano, ndiye aliyeyumba vizuri kuliko wote, maana alimwiga baba yao, Mzee Vuai. Na kwa kuyumba, Mzee Vuai alikuwa mwalimu hasa.

Siku moja akaja mzee mgeni na kapu kubwa. Kichwani alivaa kilemba kilichoshuka mpaka shingoni. Kapuni mlikuwa na pipi nyeupe zenye ncha nyekundu kama sigara iliyowashwa, vibuyu vidogo, na karata ndogo za kuchezea.

"Chukueni, wajukuu zangu," akasema. "Bure."

Mwanakombo akamkazia macho. Bure? Tangu lini? Akazitazama zile pipi. Jua kali, sukari inayeyuka, wala hakutua hata nzi mmoja.

"Babu, kwenu wapi?"

"Kule nyuma."

"Nyuma ya nini?"

Mzee akacheka tu. Na alipocheka, kilemba kikatikisika kule kisogoni, kana kwamba mna kitu kinatafuna.

Mwanakombo akakimbia barazani. "Baba, yule mzee simwamini. Nzi hawatui kwenye pipi zake."

"Mchezo tu wa watoto," akasema Mzee Vuai, akatupa karata yake.

Kesho yake Machano akanyonya pipi, akatoa moshi. Moshi wa kweli, wa puani! Akanywa ukwaju kwa kibuyu cha mgeni, akayumba, na safari hii akataka kuacha kuyumba asiweze.

Mwanakombo akakimbia tena. "Baba, njoo umwone Machano! Anatoka moshi!"

"Mchezo tu wa watoto." Hata kichwa hakugeuza.

Siku ya tatu mgeni akawachezesha karata. Machano akapoteza gololi zake zote.

"Sasa weka kitu cha kikubwa," akasema mgeni.

"Sina kitu, babu."

"Unaye Machano."

Na Machano, kichwa kimemlemea, akajibu "Haya, twende!" kama baba yake asemavyo barazani. Akashindwa. Mgeni akamtia kapuni, akafunga. Watoto wengine wakatawanyika wakilia.

Mwanakombo hakukimbia. Aende barazani? Akirudi, kapu halipo na mdogo wake hayupo. Akajikaza, akasogea mbele.

"Babu, usiende. Umebaki mchezo mmoja. Tucheze baba na mama. Wewe uwe baba."

Zimwi likasimama, maana sasa mmeshajua kuwa lilikuwa zimwi. Likajiona mkubwa. "Baba wa kwenu hufanyaje?"

"Hunywa."

Zimwi likanywa kwa kibuyu chake.

"Kisha?"

"Huvuta."

Zimwi likavuta pipi zake, moshi tele.

"Kisha?"

Sehemu hii Mwanakombo aliijua mno. "Kisha hulala mlangoni. Sisi tukitaka kuingia, tunamruka."

Vitu vile vya uchawi havikumtambua mwenye navyo; vikamlevya kama vilivyomlevya Machano. Zimwi likayumba, likaanguka puu! Likakoroma. Kilemba kikadondoka, na kisogoni palikuwa na domo la pili. Domo lile likawa linanong'ona usingizini: "Mchezo tu wa watoto... Mchezo tu wa watoto..."

Mwanakombo akafungua kapu, akamvuta Machano, wakatimua mbio. Njiani Machano akatapika pipi yote, moshi ukamwisha.

Wakafika kwao. Mlangoni amelala mtu. Kibuyu ubavuni, kofia imemfunika uso, anakoroma.

Machano akasita, akamshika dada yake. "Usimruke. Kwanza mtazame kisogo."

Mwanakombo akapiga magoti. Akamgeuza yule mtu kichwa taratibu, akampapasa nywele za nyuma. Mzee Vuai akafumbua macho.

"Mnatafuta nini kichwani mwangu?"

"Domo, baba," akasema Machano.

Wakamweleza yote. Safari hii Mzee Vuai hakusema kile alichozoea kusema. Alikaa pale mlangoni akalia mbele ya wanawe, na tangu siku hiyo hawakumruka tena.

Wanaume wakaenda na mapanga kulisaka zimwi. Wakakuta kilemba tu. Mwenyewe hayupo, na aliko hakuna ajuaye.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Mzee Vuai. Enyi wadogo, cha bure cha msiyemjua msikitie mdomoni. Nanyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi huko nyuma, watoto wenu wanacheza yale mnayoyafanya.

Sasa kalaleni. Na wewe mwenye kofia, geuka kidogo nikuone kisogo.