Hema la Kijivu la Aikaruwa

"Sifa ya hema, muulize upepo." Mmeyasikia maneno hayo asubuhi, wajukuu zangu, shangazi yenu alipowanyamazisha mkimsifu mchumba wa dada yenu. Mnataka kujua yametoka wapi. Yametoka hapa hapa kwetu, chini ya mlima, na chanzo chake ni hiki.

Kulikuwa na kiongozi wa wapagazi wa mlimani, Mzee Kiwoso. Kila alipotaka hema jipya la watu wake, alilisimamisha kwenye uwanja wa kanisa baada ya ibada, akaingia na kofia yake kichwani. Kofia isipoguswa na paa, hema limefaulu. Ndivyo walivyochagua miaka yote, kama watu wanaochagua nyumba.

Mwaka mmoja, kabla ya safari za msimu wa mvua, mwenye duka alileta mahema mawili. Moja lilikuwa refu, la rangi ya chungwa, jua likipenya ndani yake mpaka nyuso za watu zikang'aa kama za malaika. La pili lilikuwa la kijivu, fupi, lenye fito nyingi zilizopishana na kitambaa kilichoshuka hadi ardhini. Watu wakaliita banda la kuku.

Aikaruwa hakucheka. Mumewe, Elinami, alikuwa mpagazi wa Kiwoso. Safari iliyopita alilala kwenye hema linalovuja, baridi ikamharibia vidole viwili vya mguu, vikakatwa. Daktari alimwonya kwamba akilowa tena kule juu, mguu wote utakwenda. Aikaruwa alikuwa mwoga wa kusema mbele za watu. Alishika tu pindo la hema la kijivu, akalivuta, akatazama mishono yake, asiliachie.

"Mke wa Elinami," Kiwoso akamwambia, "unataka mumeo alale amekunjwa kama kanga sandukuni?"

Akajibu akitazama chini, "Mimi sijui kusifu, baba. Sifa ya hema, muulize upepo."

Kiwoso aliona amedharauliwa. Akasema basi, wakamuulize. Kesho yake walipanda, Aikaruwa akiwafuata nyuma, wakauvuka msitu mpaka kwenye mgongo wa majani mafupi, ambako mawingu hupita chini ya miguu ya watu. Wakayasimamisha yote mawili. Kiwoso na wapagazi wakaingia kwenye lile refu. Elinami akaingia kwenye la kijivu peke yake, mkewe akabaki nje. Kukawa kimya, ungedhani mlima unasinzia.

Alasiri upepo ukaja na mvua, taratibu, kama mgeni anayeingia nyumba asiyoijua. Hema refu likavuta pumzi. Likajaa, likang'oa vigingi vyake kimoja kimoja, likainuka na kwenda zake mawinguni, likawaacha wapagazi wameketi majanini, mvua ikiwanyeshea vichwani, kama watu walioamshwa usingizini. Walilitazama likiwa doa la chungwa, kisha hata doa halikuwapo.

La kijivu liliinama, likalala karibu na ardhi, likainuka tena. Aikaruwa akakimbia, akafungua zipu. Elinami alikuwa amenyoosha miguu, soksi zake kavu, amelala fofofo.

Kiwoso alichuchumaa mlangoni, maji yakimchuruzika.

"Mwanangu," akamwambia Aikaruwa, "msogeze mumeo kidogo, niingie."

Tangu siku ile hakuna hema lililochaguliwa uwanjani. Na hapa kwetu, mtu akisifiwa sana kabla hajapitiwa na dhoruba, wazee hawabishani. Husema tu: sifa ya hema, muulize upepo.